Kimya cha Chumba

Walikuja Bagamoyo kutengeneza filamu
kuhusu watu wanaotengeneza filamu.
Wakakodi nyumba ya kina Shomvi kule Dunda, siku tisa,
wakapaka ukuta uchakavu juu ya uchakavu wake,
maana ule wa kwanza, alisema mwongozaji, haukai vizuri kwenye kamera.

Mimi nashika ufito.
Mbele yake kipaza sauti kimevikwa manyoya, kama komba aliyelala.
Nakipitisha juu ya vichwa vya waigizaji,
karibu kiasi cha kusikia mtu akimeza mate,
mbali kiasi cha kutoonekana.
Jina langu Semeni. Nalipwa ninyamaze.

Katika hadithi yao mshika ufito ni mwanamume,
Amandus, kifua kama mlango wa ghala,
kofia kaigeuza kisogoni, utani haumwishi.
Ufito wake haukuunganishwa na chochote:
waya uliishia mfukoni, umepigwa fundo.

"Mfundishe," wakaniambia.
Nikamfundisha nyuma ya jiko, saa mbili nzima:
viwiko juu, magoti yalegee, vua saa, vua viatu,
na maharage asubuhi usiguse, tumbo nalo husikika.
Kijana mwelewa. Akatulia kama boriti.
Mwongozaji akamtazama kwenye kioo chake, akakunja uso:
"Haonekani kama yuko kazini. Tetemeka kidogo."
Wakamnyunyizia jasho la chupa.
Langu lilikuwa linashuka mgongoni, bure.

Basi tukasimama hivyo, ufito juu ya ufito,
wangu ukimsikiliza yeye,
wake ukisikiliza fundo.

Humo ndani ya filamu yao kila kitu ni kishindo.
Mwongozaji anachana karatasi, anarusha kiti,
nyota analia mbele ya kioo chenye taa pembeni,
jenereta inalipuka, na usiku wa manane
mtu mmoja anapata wazo, kazi inaokoka.
Hakuna anayesubiri.

Sisi tulisubiri wingu lipite.
Tukasubiri adhana, kisha jogoo, kisha mashine ya kusaga.
Mwanahawa akapelekwa na elfu mbili kwa msagaji, azime nusu saa.
Kesho yake msagaji akataka tano.
Siku ya tatu mtaa mzima ulikuwa na redio,
kila redio inangoja kulipwa ili izimwe.
Hilo nililicheka peke yangu, kimoyomoyo,
maana cheko langu lingeingia kwenye kanda.

Na kuna jambo wasiloliweka kabisa.
Kipande kikiisha, kabla taa hazijashushwa,
fundi sauti husema: "Kimya cha chumba. Dakika moja."
Kila mtu hugandia pale pale alipo.
Chumba kinarekodiwa kikiwa hakisemi,
kwa kuwa kila chumba kina kimya chake,
na mhariri atakihitaji baadaye kuziba nyufa za maneno
kama fundi na chokaa yake.

Siku ya mwisho niliona hivi:
mpishi na upawa hewani, tone halijaanguka,
mpaka poda na sifongo karibu na shavu la mtu,
mwongozaji, vidole ndani ya nywele, mdogo ghafla, kama mtoto wa chuoni.
Mjusi alikohoa darini. Boriti zikajinyoosha.
Na Amandus, ambaye hakuna aliyemtazama,
aliacha kutetemeka.
Viwiko juu. Magoti yamelegea.
Kamera ilikuwa imezimwa.

Mwaka uliofuata wakaionyesha, uwanjani, kwenye shuka kubwa.
Nikamleta mama, kavaa kanga ya sikukuu.
Amandus akatokea, watu wakapiga vigelegele.
"Wewe uko wapi?" mama akauliza.
Nikamwambia ngoja.
Yule nyota alisimama mlangoni, akasema, "Nitarudi,"
akanyamaza kidogo,
akasema, "kesho."

"Hapo," nikamnong'oneza.
"Wapi?"
"Nimeshapita."